Ijumaa Saba za Ziwa Tanut

Roquetas, Jumapili, 12 Oktoba 1997

Dada Hadda,

Leo ni mwaka mmoja na siku kumi tangu nilipoondoka nyumbani nikavuka bahari. Nimezihesabu kwenye kalenda ya duka la mbolea iliyotundikwa chumbani kwetu, chumba cha watu saba. Salamu zangu zikufikie, zimfikie Mama, na zipite kwa majirani wote wa kando ya ziwa, hata wale tusiosalimiana nao. Mimi mzima. Mgongo unalalamika lakini bado unainama, na hapa anayeweza kuinama ndiye mzima.

Kazi ni ileile. Tunaingia kwenye mabanda ya plastiki kabla jua halijachoma, tunafunga mipilipili hoho kwa kamba, tunatoka jasho mpaka viatu vinalia. Plastiki imeifunika nchi yote hadi baharini. Kwa mbali utadhani ni maji. Hata ndege hudanganyika. Wiki iliyopita bata mmoja alishuka juu ya banda letu, akateleza, kisha akakaa pale akiitazama miguu yake.

Jumapili hatufanyi kazi. Leo alfajiri nilikwenda kwenye madimbwi ya chumvi, mwendo wa saa nzima kwa miguu. Nilitia dengu mfuko wa kulia kama alivyotufundisha Baba, na kila nikifikisha ndege kumi nahamishia dengu moja mfuko wa kushoto. Jilali, yule wa Berkane anayelala kitanda cha juu yangu, alinifuata kwa sababu alidhani nimepata kibarua cha siri.

"We Bassou, unahesabu kondoo wa nani?"

"Heroe. Wale wekundu kule."

"Wamekuajiri?"

"Hapana."

"Sasa unawahesabu ili iweje?"

"Ijulikane kwamba walikuwepo."

Alinitazama, akaokota dengu moja iliyoanguka, akaila. "Hizi angalau zinashibisha," akasema.

Heroe walikuwa 410. Sina daftari hapa, nimeandika kwenye boksi la viatu. Huko kwetu hesabu ya vuli lazima imeanza. Niandikie ndege ni wangapi, hasa kukuziwa, na maji yamefika wapi. Usinifiche.

Mdogo wako,
Bassou


Tanut, 5 Novemba 1997

Bassou mdogo wangu,

Barua yako niliipata Jumanne nilipoteremka Azrou sokoni. Salamu nimezifikisha, ila zile za tusiosalimiana nao nimebaki nazo mwenyewe. Mama hajambo. Goti linamsumbua baridi ikianza, na imeanza. Macho yake lakini, tangu apasuliwe kule Fes, yanaona kuliko yangu na yako. Juzi alikaa mlangoni akanitajia nani anapita ng'ambo ya ziwa na kavaa nini. Mbuzi mweusi amezaa wawili. Mmoja ana masikio yako.

Umesema nisikufiche, basi sikufichi. Lile jiwe alilolichonga alama Baba alipokuwa mlinzi wa msitu, lililokuwa likilowa hadi kiunoni, sasa liko nchi kavu. Nalizunguka na viatu vyangu. Lahbib ameweka pampu ya pili. Mitufaha yake inakunywa mchana na usiku, na sisi tunaisikia ikinywa. Ijumaa iliyopita kukuziwa walikuwa 290. Mwaka jana, Ijumaa kama hiyo, 640. Vibisi 30. Bata wekundu hakuna hata mmoja, nikaandika sifuri.

Lakini kuna habari. Ofisi ya maji itaitisha kikao baada ya Idi, iamue kama pampu za Lahbib ziendelee au zizimwe. Wametangaza kila mwenye ushahidi aulete. Mimi nitapeleka daftari. Vuli ishirini na nane, Bassou, tangu mwaka 1969, na hakuna vuli iliyorukwa. Ishirini na mbili kwa mkono wa Baba, tano kwa mkono wangu, na ile moja yako ya 1995 nilipokuwa Fes na Mama. Nani mwingine ana kitu kama hicho? Lahbib ana wakili. Sisi tuna daftari.

Nijibu jambo moja, maana huenda wakaniuliza. Vuli ile yako ulitumia darubini ya Baba, ile yenye kioo kilichopasuka, au uliazima?

Dada yako,
Hadda


Roquetas, 23 Novemba 1997

Dada Hadda,

Nimefurahi kusikia habari za Mama na mbuzi. Hapa mvua ilinyesha siku mbili, banda moja likaanguka, tukalisimamisha tena siku hiyohiyo. Nyapara alisema tusipomaliza tusile. Tulimaliza. Jilali anakusalimu ingawa hakujui. Anasema mtu mwenye dada anayemwandikia kurasa mbili hana haki ya kununa.

Darubini ilikuwa ya Baba.

Kuhusu hilo daftari, mimi ningekushauri upeleke kurasa za Baba peke yake. Watu wa ofisi hawana subira ya kusoma mengi. Baba alijulikana, alikuwa na kofia ya serikali. Sisi ni nani? Zikate zile za mwisho uziweke nyumbani.

Nina haraka, boksi la barua linafunguliwa saa sita.

Bassou


Tanut, 16 Desemba 1997

Bassou,

Mama anakusalimu. Theluji imefika kwenye mierezi. Wale mbuzi wadogo wamehamia jikoni, na mwenye masikio yako amekula ncha ya mkeka wa kuswalia.

Umeniambia nilikate daftari la Baba. Barua yako niliisoma mara tatu nikidhani mwandiko si wako. Silikati. Na hata ningetaka, nimechelewa, maana ofisi imeshalinakili lote na pande zote mbili zimepewa nakala.

Ofisi ilimtuma mwanamke mmoja kulikagua. Bi Nezha, anafundisha mambo ya ndege chuo kikuu. Alikuja na viatu vya matope, nikampenda. Tulikwenda ziwani pamoja alfajiri, akahesabu kivyake na mimi kivyangu. Yeye akapata 270, mimi 260. Akacheka akasema dengu zetu zina akili. Tukarudi kunywa chai, akafunua daftari polepole, ukurasa kwa ukurasa, kama mtu anayechambua sufu. Alipofika 1995 akasimama.

"Hizi ni hesabu za nani?"

"Za mdogo wangu."

"Naye alihesabu kwa dengu?"

"Sisi sote tunahesabu kwa dengu."

"Kukuziwa 1,347," akasema. "Ijumaa iliyofuata 1,283. Bi Hadda, dengu moja ni ndege kumi. Hii saba imetoka wapi? Na hii tatu?"

Nikamjibu kwamba wewe una macho makali. Akaandika kitu kwenye karatasi yake, hakunionyesha. Chai ikapoa.

Hilo ni moja. La pili nilikutana nalo sokoni, mbele ya watu. Lahbib alinisimamisha penye maturubai ya wauza vitunguu.

"Hadda! Mungu amrehemu baba yako, daftari lake limeniokoa."

"Limekuokoaje?"

"Pampu yangu ya kwanza niliiwasha masika ya 1995. Na vuli ileile mdogo wako kaona ndege elfu moja mia tatu arobaini na saba! Wengi kama enzi za Baba yenu. Sasa pampu imemnyima nani maji? Huu ni ukame wa Mungu, mama. Mshitaki Yeye."

Watu wakacheka. Nikamwambia acheke taratibu, meno aliyoyanunua yasije yakamdondoka. Wakacheka tena, mara hii upande wangu, lakini nilirudi nyumbani bila vitunguu.

Sikuulizi tena habari za darubini. Nakuuliza ulikuwa wapi Ijumaa zile saba za vuli ya 1995. Kikao ni Jumanne, tarehe 10 Februari.

Hadda


Roquetas, Jumapili, 4 Januari 1998

Dada Hadda,

Mfungo mwema kwako na kwa Mama. Hapa tunafunga tukiwa ndani ya plastiki. Jilali anasema sisi ndio tunaopikwa ili wengine wafuturu. Barua yako ilifika juzi. Nimeibeba kwenye shati siku mbili, imelowa jasho, lakini bado inasomeka.

Sikwenda. Hata Ijumaa moja kati ya zile saba sikwenda.

Nilikuwa kwa Lahbib, nikichuma matufaha. Wachumaji walianza alfajiri, saa ileile ya ndege, na nilitaka nauli ya kuvukia huku. Sikukwambia wewe wala Mama kwamba nimeshaamua kuondoka. Ninyi mlikuwa Fes, jicho moja, halafu jicho la pili, na kila nilipowapigia kutoka dukani, kwenye simu ya mpishi wa hospitali, uliniuliza ndege kabla hujaniuliza mimi. Nikakujibu wapo.

Ningeweza kuiacha mistari mitupu. Baba mwenyewe aliacha mingi, akaandika pembeni "homa", "ukungu, sikuona kitu", "harusi ya Izza". Lakini mstari mtupu unadai sababu, na sababu yangu ilikuwa Lahbib. Ningeandika hivyo kwenye daftari la Baba kwa kalamu gani?

Siku moja kabla hamjarudi nilizijaza zote saba kwa mkao mmoja. Nilifungua kurasa za Baba za zamani nikafuata mwendo wake. Halafu nikaona hesabu zake zimekaa kama za kubuni, 1,300, 1,250, zote zinaishia sifuri. Nikaona zangu nizitie mikia ili zionekane za kweli zaidi. Zile saba na tatu alizoziuliza huyo mama zimetokea hapo.

Dada, kuna jambo jingine, na hili ndilo linalonikaba. Juu ya ngazi ya kuchumia, ziwa lilionekana lote. Niliona maji yameacha mianzi. Niliona kukuziwa wamekusanyika kona moja tu, wachache, labda nusu ya kawaida. Nililiona hilo kwa macho yangu nikaandika kinyume chake. Kama ningekuwa kipofu ningekuwa na nafuu.

Nimekuwekea karatasi ya pili humu. Nimeandika kwa ufupi kwamba hesabu za vuli ya 1995 ni za uongo, kwamba nilizibuni mimi peke yangu, kwamba nilikuwa mchumaji kwa Lahbib, na kwamba nilichokiona kutoka kwenye ngazi ni ndege wachache. Nimetia sahihi, na Jilali ametia ya shahidi. Isome kwenye kikao. Najua itasemwa kwamba watoto wa mlinzi wa msitu ni waongo. Najua na Mama atakuwepo. Isome hata hivyo.

Naituma leo. Ikichelewa, sijui.

Bassou


Roquetas, 1 Machi 1998

Dada Hadda,

Salamu kwako na kwa Mama. Idi ilipita, tulichinja kuku wawili, watu saba.

Kikao kimepita siku kumi na tisa. Sijapata neno. Kila boksi la barua linapofunguliwa nasimama pale, na yule anayegawa ameshanizoea, ananitikisia kichwa kabla sijafika. Kama barua haikufika, niambie niandike nyingine. Kama ilifika na hukuisoma, niambie. Kama uliisoma na hutaki kuniandikia tena, mwambie mtu yeyote aniandikie hilo.

Habari za hapa ni moja. Nyapara anasema karatasi zangu za ukaazi zitatoka Septemba, na lazima niwepo mwenyewe kuzitia sahihi.

Bassou


Tanut, 22 Machi 1998

Bassou,

Sisi wazima. Theluji imeyeyuka, kijito kimeleta maji kidogo. Yule mbuzi wako nimemuuza.

Karatasi yako ilifika siku tatu kabla ya kikao. Siku mbili sikumwonyesha mtu. Siku ya tatu nilimsomea Mama. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaenda kutafuta viatu vyake vya kutokea, akavipaka mafuta, akaviweka mlangoni tayari kwa kesho yake. Mpaka leo hajasema kitu juu ya hilo, kwa hiyo usiniulize alisema nini.

Kikaoni wakili wa Lahbib alisimama wa kwanza, akasoma hesabu zako kwa sauti tamu, moja baada ya nyingine. Alipokaa nikaomba ruhusa nikasoma karatasi yako. Nilisoma mwenyewe, sikumpa mtu. Nilipofika "nilikuwa mchumaji kwa Lahbib" mtu nyuma akapiga mluzi.

Wakili akaruka kama panzi. "Mwenyekiti! Wenyewe wamekiri. Kama vuli moja ni uongo, nani atatuhakikishia hizo ishirini na saba?"

Mwenyekiti akamgeukia Bi Nezha. Bi Nezha hakuinua sauti. Alisema, "Mimi niliijua hiyo ya uongo kabla ya barua hii, na nimeiandika kwenye ripoti yangu ya Desemba. Niliijua kwa sababu nyingine zote si kama hiyo. Mlinzi aliandika siku alizoumwa. Aliandika siku za ukungu. Binti yake aliandika sifuri pale ambapo sifuri inamuumiza. Mtu anayetaka kudanganya hajazi daftari mashimo."

Lahbib alikuwa anatazama dari.

Hawakuamua kama tulivyotaka. Pampu ya pili imefungwa na kutiwa lakiri. Ya kwanza inaendelea hadi mwisho wa vuli ijayo. Daftari wamelikubali, ila vuli ya mwaka huu wanataka hesabu ya watu wawili, kila Ijumaa kuanzia tarehe 18 Septemba, mmoja ufuo wa huku na mwingine ng'ambo, kwa saa ileile, wasionane hadi adhuhuri. Hesabu hizo mbili zikikubaliana, na zikionyesha ndege wamepungua kuliko miaka iliyopita, pampu ya kwanza nayo itazimwa. Ijumaa hata moja ikipotea, shauri litafungwa na Lahbib atapewa pampu zote mbili. Na wewe Bassou hutatia sahihi. Walilisema hilo wazi, likaandikwa.

Niliuliza kijiji kizima nani atasimama ng'ambo. Mtoto wa Izza kasema baridi. Mwingine kasema mke wake hataki maneno na Lahbib. Mwishowe Mama akasema, "Mimi nina macho ya Fes, na dole gumba langu ni sahihi tosha." Bi Nezha alikuja kumjaribu, Mama akamshinda. Ofisi imemkubali.

Ila kule ng'ambo ni mwendo wa saa moja na nusu gizani, na Mama hawezi goti. Itabidi apande nyumbu, na nyumbu yule unamjua, bila mtu wa kumshika anarudi nyumbani. Mimi nitakuwa ufuo wa huku, siwezi kuwa kote.

Nimeufungua ukurasa wa 1995 nikazipiga mistari hesabu zote saba, nikaandika pembeni "hakwenda". Nikakaa nikiutazama. Sasa nikwambie langu, kwa sababu umeniambia lako. Niliporudi Fes na kuzisoma hesabu zako, niliiona ile saba. Nami najua dengu haihesabu saba. Nikalifunga daftari. Sikukuuliza kwa sababu nilitaka sana vuli isiyo na pengo.

Usinitake nikuandikie kwamba nimekusamehe. Nimekuandikia haya.

Hadda


Roquetas, Jumapili, 12 Aprili 1998

Dada Hadda,

Salamu kwako na kwa Mama, zake nimeziandika kwa kuinama. Barua yako niliipokea Alhamisi nikaisomea bandani, kati ya mistari ya mipilipili, na nyapara alinikuta nimekaa. Ameninyima malipo ya siku. Alikuwa na haki.

Umefanya vizuri kupiga mistari. Umefanya vizuri kuandika "hakwenda". Neno hilo nalisikia kwa sauti yako. Kuhusu ile saba uliyoiona ukafunga daftari, hiyo isikulaze macho. Aliyeiandika ni mimi.

Nimezungumza na Jilali. Alipiga mahesabu yake akasema, "Karatasi Septemba, nyumbu Septemba. Kaka, kuna watu wamezama baharini wakizitafuta hizo karatasi."

"Najua."

"Na ndege wenyewe hutawahesabu?"

"Hapana. Nitashika kamba ya nyumbu."

Akaniuliza kama nyumbu wetu anauma. Nikamwambia anauma.

Nyapara nimemwambia leo. Amesema nikiondoka kabla ya kutia sahihi, jina langu litafutwa na nisirudi kumsumbua. Kitanda changu kimeshapata mtu wa kukisubiri.

Dada, mimi sitaomba kushika kalamu wala darubini. Mama akihesabu, nitageuka nitazame mlimani, ili mtu asije akasema nimemnong'oneza. Nitamfikisha ng'ambo kabla ya jua, na adhuhuri nitamrudisha. Ijumaa zote, hadi ya mwisho. Nikikutana na Lahbib njiani nitamsalimia, na akitaka kunicheka mbele ya watu nitasimama mpaka amalize.

Mwambie Mama, au usimwambie, fanya unavyoona. Nitavuka Jumatatu tarehe 14 Septemba, na Jumatano tarehe 16 nitashuka Azrou kwa basi la mchana.

Mdogo wako,
Bassou